Tabu kwa Herufi Kubwa

Enzi zetu herufi kubwa haikugawiwa ovyo. Ilikuwa kama kanzu ya Idi: huivai kwendea kisimani. Wenzangu mliosoma wakati wa Mwingereza, mkakaa juu ya sakafu ya udongo na kibao magotini, mnalijua ninalolisema. Mnaukumbuka hata mlio wa ile kalamu ya mawe ilipoteleza vibaya, meno yakafanya ganzi na darasa zima likaguna.

Kwetu ni Msimbu, Kisarawe. Asubuhi za masika ukungu ulishuka toka vilimani ukalala juu ya mikorosho, nasi tukapita ndani yake kwenda shule, tukiwasikia wenzetu kabla ya kuwaona. Mfukoni mwa gauni mlikuwa na kipande cha muhogo wa kuchoma, bado cha moto, kinachokupasha paja njia nzima. Wakati wa mapumziko wasichana tulicheza mdako kwa vijiwe vitano na wavulana wakalengana kwa mpira wa matambara katika rede. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo. Mpaka leo nikisikia chuma kikigongwa kwa fundi mahali, miguu yangu hutaka kukimbia.

Lakini kabla ya shule palikuwa na chuo, yaani madrasa. Baba yangu, Maalim Kondo, ndiye aliyesomesha Kurani kijiji kizima. Kondo kwa Kizaramo ni vita, maana alizaliwa watu wakiwa wamejificha porini. Mimi nikaitwa Tabu, kwa sababu mama aliumwa uchungu siku tatu na wakunga wakakata tamaa. Hivyo nyumba moja ilikuwa na Vita na Tabu, na mama katikati yetu akiitwa Salma, mtu mpole kuliko wote. Shuleni watoto hawakuniacha nipumzike. Nikitokea mlangoni walisema, "Tabu imefika!" Si amefika, imefika, kama njaa au ndui. Nilicheka nao, ila njiani nikirudi peke yangu nilikuwa nikijiuliza kwa nini sikuitwa Rehema.

Mwalimu wetu wa darasa la nne aliitwa Mwalimu Zuberi, kijana mwembamba mwenye kaptula iliyopigwa pasi mpaka mstari wake unaweza kukata mkate. Yeye ndiye aliyetuanzishia Kiingereza, na Kiingereza chake kilianzia kwenye herufi kubwa.

"Jina la mtu?" aliuliza.

"Kubwa!" tukaitika.

"Jina la mahali?"

"Kubwa!"

"Taifa la mtu na lugha yake?"

"Kubwa!"

"Mbuzi?"

"Ndogo!"

Mvulana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbuzi wetu anaitwa Salama."

Mwalimu akafikiri kidogo. "Huyo Salama mpe kubwa. Mbuzi wengine waache na ndogo yao."

Akaandika ubaoni majina ya mataifa, moja chini ya jingine: English, Indian, Arab. Kila moja likasimama na herufi yake ya mbele, kama askari waliovaa kofia. Halafu yule yule wa mbuzi akauliza, "Na mshenzi je?"

"Mshenzi si taifa. Hilo ni tusi," Mwalimu akasema. "Tusi halipewi herufi kubwa katika lugha yoyote."

Katika kitabu chetu cha kusomea mlikuwa na neno walilotuitia sisi, native, nalo lilianza na herufi ndogo katikati ya sentensi iliyojaa Waingereza wenye herufi kubwa. Nilikuwa nimeliona siku nyingi. Siku hiyo nikapata moyo nikauliza kwa nini. Mwalimu Zuberi aligeuka akatazama nje dirishani, ambako mtu alikuwa anapita na mzigo wa kuni. Kisha akasema taratibu, "Kwa sababu si jina la mtu yeyote, Tabu. Maana yake ni mwenyeji tu. Hata Mwingereza, kwao, ni native." Darasa likacheka mpaka vumbi likatimka, kwani hatukuwahi kufikiri kwamba Mwingereza anatoka kijijini kwa watu. Mwalimu hakucheka. Aliandika African chini ya yale majina mengine, akalipigia mstari mara mbili, akasema, "Mkiulizwa ninyi ni nani, andikeni hili. Na Zaramo vilevile, kubwa."

Mwisho wa somo alikuja akakuta kibao changu. Nilikuwa nimeandika jina langu kwa herufi ndogo, kama nilivyozoea kulisikia. Akachukua kalamu ya mawe mkononi mwangu akairekebisha herufi ya kwanza. "Tabu ya herufi ndogo humpata mtu," akasema. "Tabu wa herufi kubwa ni mtu. Usiwachanganye tena."

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimekibeba kile kibao mbele yangu kama sinia ya mayai, nisije nikalifuta jina.

Baba nilimkuta barazani akikoroga wino wa masizi. Alikisoma kibao kwa shida, maana herufi zile hakuzijua vizuri, nami nikamweleza sheria zote kwa pumzi moja. Alisikiliza hadi nilipofika kwenye ile ya mwisho, kwamba kwa Kiingereza neno la "mimi" huandikwa kwa herufi kubwa daima, hata likiwa katikati ya maneno.

"Na 'wewe'?" akauliza.

"Wewe ni ndogo, baba."

"Na Mungu?"

"Mungu ni kubwa."

Baba akaweka kijiti cha wino chini. "Yaani mtu anajiandika yeye na Mungu sawasawa, halafu jirani yake anamwandika mdogo? Astaghfirullah! Hawa watu walilelewa na nani?" Mama alicheka jikoni mpaka akapaliwa. "Mwanangu," baba akaendelea, "herufi za Kurani hazina kubwa wala ndogo. Alifu ya sultani na alifu ya mtumwa ni moja. Hiyo ndiyo adabu ya kuandika."

 

Mwaka ule ulikwisha. Nilifaulu kuingia shule ya kati ya bweni, msichana peke yangu katika darasa letu. Mwalimu Zuberi alikuja nyumbani mwenyewe kuleta habari, kanzu nyeupe na kofia, kwa heshima. Baba akamkaribisha kahawa na akamsikiliza mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa makuti, natazama kwa tundu.

"Mwalimu, nakushukuru sana," baba akasema. "Umemfunza vizuri. Lakini binti akiweza kusoma Kurani na kuandika jina lake, yaliyobaki ni ya mumewe. Huyu karibu anavunja ungo. Baada ya mavuno nitamweka ndani."

Mliolelewa kwetu mnajua maana ya kuwekwa ndani. Mwali alikaa chumbani miezi, pengine mwaka na zaidi, bila kuona jua, hadi siku ya kutolewa kwa ngoma. Na wengi walitoka ngomani wakaingia kwenye ndoa. Sikuchukia uwali. Dada zangu wa ukoo walikuwa wametoka huko wakiwa wanang'aa, na shangwe zake ni tamu katika masikio yangu mpaka sasa. Nililia kwa sababu shule ya kati isingeningoja.

Nilimkumbuka shangazi. Bi Mwajuma alikuwa dada mkubwa wa baba, ameolewa Visiga, kwenye barabara ya Morogoro. Kwetu mambo ya mwali hayaanzi bila shangazi, na katika dunia nzima ndiye mtu pekee aliyeweza kumwambia Maalim Kondo "nyamaza" naye akanyamaza. Basi alfajiri moja nikamfuata Bi Pili, mama mmoja wa kijijini aliyepeleka mikeka kuuza Mlandizi pamoja na wenzake. Nikamwambia, "Baba amenituma kwa shangazi, Visiga." Akanitwika mikeka miwili, tukaenda. Ule ulikuwa uongo wangu mkubwa wa kwanza, na mzigo wake niliusikia zaidi kuliko mikeka.

Ile safari naiona kama ndoto hata sasa. Njia nyembamba ya mchanga, umande kwenye magoti, msitu unaonuka majani yaliyooza na matunda yaliyoanguka, kima wakitupigia kelele juu. Wale akina mama waliimba wakipokezana, wakanyamaza tulipopita mahali walipodai pana chui, kisha wakaanza tena palepale walipokatiza. Tulifika Visiga jua limezama, miguu yangu imevimba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja na nani?" Akanitazama usoni, akatazama barabarani nyuma yangu, akaelewa kabla sijafungua kinywa. Alinikanda miguu kwa maji ya moto na chumvi, nami nikamwaga yote. Aliponisikiliza akamwita mumewe, Mzee Kibwana, fundi cherehani. "Mwandikie Kondo. Mwambie tunaye Tabu hapa, aje."

Mzee Kibwana alikuwa mtu mwema, ila alibana maneno kama alivyobana uzi. Alichana kipande cha karatasi ya majani ya chai, akaandika kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wote walivyoandikiana Kiswahili siku zile: *Tuna Tabu hapa. Njoo.* Kesho yake akampa mnunuzi wa korosho aliyekuwa anakwenda Kisarawe. Nami nikalala usingizi mzuri, nikijua baba atajua niko wapi. Akili ya mtoto hiyo.

Yaliyotokea Msimbu nilisimuliwa na mama baadaye, tena mara moja tu, na hakutaka kurudia. Siku ya kwanza walinitafuta kwa majirani. Siku ya pili watu walishuka kisimani na ndoano, wengine wakaingia msituni wakipiga madebe. Hakuna aliyefikiria Visiga, maana mtoto wa kike haendi Visiga peke yake, na Bi Pili na wenzake walikuwa hawajarudi toka Mlandizi. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, barua ikafika. Baba akaifungua mbele ya watu, akaisoma.

Nawaombeni mfikiri. Herufi hazina kubwa wala ndogo. Mtoto hajaonekana siku tatu. Na karatasi inasema: tuna tabu hapa, njoo.

Baba alisoma inna lillahi, akaingia ndani. Wazee wa wakati ule waliweka sanda zao tayari, na ya baba ilikuwa katika sanduku, imekunjwa pamoja na karafuu. Akaitoa. Mama akamwambia, "Itamzidi urefu." Baba akajibu, "Tutaikata hukohuko." Akaondoka na majirani wawili wenye majembe, wakalala njiani kidogo, wakaendelea.

Kesho yake alasiri nilikuwa uani kwa shangazi, natwanga mpunga na kuhesabu mapigo kwa Kiingereza kwa sauti kubwa. Nikafika namba kumi na saba nikaona kivuli. Baba alikuwa amesimama kwenye ua, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, kifurushi cheupe kwapani. Nilidhani nitapigwa. Nikapiga magoti nikasema, "Shikamoo, baba."

  Badala ya kuitika akakaa chini, palepale kwenye makapi ya mpunga, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikaa bila mkeka.

Shangazi akatoka ndani. "Kondo! Mbona majembe?"

"Tumekuja kuzika."

"Kumzika nani?"

Baba akaninyooshea kidole mimi. Ndipo shangazi alipokiona kile kifurushi, akakijua ni kitu gani, akapiga ukelele uliowatoa watu madukani.

Mzee Kibwana alikuja mbio, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Baba akamtupia ile karatasi. "Soma ulichoandika."

"Nimeandika tuna Tabu hapa."

"Ndiyo! Mna tabu!"

"Tabu! Binti yako!"

"Sasa mimi ningejuaje?" baba akafoka, na sauti ikamkatika katikati. Akavuta kanzu akajifunika uso. Wale majirani wawili wakageukia pembeni, wakajifanya wanaangalia malori yanayopita kwenda Morogoro. Mimi nikasogea kwa magoti mpaka nikamfikia. Alinuka jasho na karafuu. Aliniwekea mkono kichwani, mzito, akauacha hapo mpaka shingo ikaniuma, nami sikuthubutu kuondoka chini yake.

Alipokunywa maji akaniuliza, kwa sauti ya kawaida sasa, "Mwalimu wako angeandikaje?"

Nikasawazisha mchanga kwa kiganja, nikaandika *Tabu*. Pembeni yake nikaandika *tabu*.

Akainama kutazama. Alitazama sana. "Hii ya mbele," akasema, "si msalaba huu?"

"Hapana, baba. Inaitwa ti."

"Ina sura ya msalaba."

"Kondo," shangazi akasema, "nyamaza."

Akanyamaza. Mzee Kibwana ndiye aliyeanza kucheka, kidogokidogo, kama cherehani inayoanza kuzunguka, kisha majirani, kisha baba mwenyewe akacheka huku machozi yanamtoka. Jioni ile tulikula wali wa nazi na kunde, na yale majembe yakaegemezwa nyuma ya mlango, mbali na macho.

Msidhani baba alibadilika usiku mmoja. Shangazi alibishana naye siku mbili nzima, na mimi nikaadhibiwa kwa ule uongo kwa kumpelekea Bi Pili maji mwezi mmoja. Walikubaliana hivi: nitawekwa ndani miezi mitatu tu, wakati shule zimefungwa, na shangazi atakuja kunifunda mwenyewe, kisha nitakwenda shule ya kati. Watu wa Msimbu walisema sana. Walisema Maalim amepotoka. Baadhi yao waliwatoa watoto wao chuoni, na hilo lilimuuma baba kuliko alivyoonyesha. Hata hivyo hakuvunja ahadi. Siku ya kwanza alinisindikiza mwenyewe, akabeba sanduku langu kichwani. Tulipoagana alisema, "Usijiandike mkubwa kuliko wenzako. Hilo la 'mimi' waachie wenyewe."

Akawa ananiandikia barua. Kwa herufi zake, si za Mwalimu Zuberi. Hakuwahi kuzipenda zile. Lakini niligundua jambo tangu barua ya kwanza. Kila alipoandika jina la mtu, baba alivuta kistari chembamba cha wino juu yake, kutoka mwanzo wa jina mpaka mwisho wake. Juu ya Salma kistari. Juu ya Mwajuma kistari. Juu ya jina langu kistari, kimevutwa taratibu, hata mkono wake ulipokuwa mzee na mistari mingine yote inapanda na kushuka.

Nilisomesha Kiingereza miaka mingi baadaye, na herufi kubwa nimezifundisha kwa watoto nisioweza kuwahesabu. Sasa nimestaafu, nakaa na wajukuu Kibaha, na wao, Mungu awabariki, wanaandika kwenye simu kama watu wanaokimbia mvua. Jina ndogo, Jumatatu ndogo, Tanzania yenyewe ndogo, na irabu wamezila. Mjukuu wangu akisafiri namwambia, ukifika nijulishe. Ananitumia: "nmefka bbi." Mimi namjibu kwa sentensi nzima, yenye nukta na mkato, naye anawaonyesha wenzake, wanacheka, "Bibi anatuma mtihani." Nami nacheka nao. Wanaonitania hivyo ni haohao wanaoniletea dawa na kunikata kucha.

Siku hizi kutoka Msimbu mpaka Visiga hata pikipiki haichoki. Mtoto hapotei siku tatu. Akichelewa nusu saa unampigia. Ni jambo jema, na nisingependa mzazi yeyote aone alichokiona baba yangu. Lakini zamani neno dogo lilimtoa mtu kwake akatembea siku na usiku kulifuata, na lilipofika lilisomwa, likakunjwa, likawekwa. Barua za baba ninazo arobaini na moja, ndani ya kopo la biskuti. Mwezi uliopita nilimwomba kijana mmoja wa msikitini, msomi mzuri, anisomee moja kwa sababu macho yangu yamefifia. Kiarabu anakijua kuliko baba. Aliitazama, akaigeuza, akasema, "Bibi, herufi nazijua, lakini hii sijui ni lugha gani."

Nikamwambia ni Kiswahili. Akashangaa sana. Nikamvuta kiti karibu yangu, tukaanza pamoja, yeye akitamka herufi na mimi nikitambua neno moja moja: mvua zimeanza, mama yako hajambo, mikorosho imechanua.